Kisu cha Kukerezea Duara

Shemeji, leo Jumanne saa nne asubuhi nimeponea chupuchupu.

Bosi kaniambia nikereze chuma kiwe duara kama mpira, kwenye ile mashine ndogo ya kukerezea hapa karakanani, kwa kile kifaa cha kuzungusha kisu. Nikamwambia boliti inayokibana kifaa imelika. Akacheka. "Mzee, tangu ufiwe na mke unaogopa hata kivuli. Washa."

Nikawasha. Kifaa kikang'oka, kisu kikapita karibu na sikio, kikazama mlangoni. Mlangoni, shemeji, inchi nzima.

Kisu bado kimo mlangoni, kaniletea karatasi nitie sahihi: "Uzembe wa fundi." Imechapwa, ina jina langu na mhuri. Nikisaini nimefukuzwa.

Kompyuta ya kuchapia iko jengo la pili, na alipoileta hata dakika mbili hazikuwa zimepita tangu kifaa king'oke. Nimemuuliza mara mbili, ananisukumia kalamu tu: hii karatasi imechapwa saa ngapi?