Kiatu cha Meno

Kambi ya mkonge, Tanga

Kwako Mama Filimoni,

Mwakeye, salamu kwenu huko Busunzu. Barua hii ikukute umeketi, maana nakujua, ukisoma umesimama unaruka mistari. Mama yangu anaendeleaje na goti lake? Filimoni bado anakimbia shule, au sasa shule ndiyo inamkimbia yeye? Na maharage mmewahi kupanda huko kwenye kijiji cha ujamaa mlikohamishiwa, au kwanza mnajifunza kukaa kwa mistari kama mkonge?

Mimi ni mzima, isipokuwa mdomoni. Usicheke. Tangu nipate ile barua yako ya kuhama, nasaga meno nikilala. Mwenyewe sikuwa na habari. Aliyeniambia ni Athumani, Mrangi mmoja tuliyepakana naye vitanda, tukinywa uji.

“Baba Filimoni, unatafuna nini usingizini?”

“Sitafuni kitu.”

“Unatafuna! Kama mtu anasaga mtama juu ya jiwe. Wenzetu wanasema unakula watu.”

Nikamwambia mla watu asingekonda hivi.

“Basi ukianza tena, anza na mnyapara,” akasema. Lakini hakucheka, na jioni nikakuta kitanda chake amekivuta hadi ukutani. Wengine wakaenda kuomba nitolewe chumbani. Na hapa kambini, mtu akishatolewa chumbani kwa jambo la namna hiyo, hata kazi haikai.

Na kweli, asubuhi mashavu yalikuwa yananiuma, mdomo haufunguki hata kwa kijiko. Nikaenda mjini kwa daktari wa meno, mama mmoja mtu mzima. Akaniwekea vidole mashavuni.

“Uma.” Nikauma.

“Legeza.”

“Nimelegeza, mama.”

“Bado. Hapa pamekaza kama kamba ya mbuzi.”

Akaning’atisha kitu kama uji mzito ili apate umbo la meno, na niliporudi akanipa kifuniko cha plastiki ngumu cha kuvaa meno ya juu wakati wa kulala. Akasema hakiponyi. Kinazuia meno yasisagane, na kwa watu wengine misuli ya taya hupumzika. Kwa wengine haisikii. Yangu imesikia. Chumbani wamekiita kiatu cha meno, na nikikivaa naongea kama mtoto aliyejaza viazi mdomoni. Athumani amerudisha kitanda chake. Hakuna tena anayesema nala watu.

Nilipokwenda kuangaliwa, yule mama akabonyeza mashavu, akafurahi. “Sasa pamelegea. Unalala vizuri?”

Nikamwambia nalala, nikatoka. Sikumwambia kwamba tangu taya lilegee, namwona Ester.

Nilipokuwa nasaga sikuota chochote. Sasa nikitoka kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, mchana, nikijilaza tu, namwona binti yetu amekaa mlangoni pa nyumba yetu ya zamani. Hana vile vipele vya surua. Amevaa gauni la kijani ulilomzika nalo. Paa halipo, kama ulivyoniandikia kwamba mlilishusha. Anatazama ndani, kisha anatazama njia. Ananiuliza, “Baba, wamekwenda wapi?” Nami siwezi kumwelekeza, kwa sababu hicho kijiji kipya sijakiona. Sijui hata mlango wako unatazama upande gani. Naamka mto umelowa, na si mate peke yake.

Athumani ananiambia nikivue basi hicho kiatu. Nikikivua nitasaga, nitafukuzwa, na Ester sitamwona. Nimeona bora nimwone.

Mama Filimoni, uliponiandikia habari za siku ile, ulitaja mbuzi, vyungu, na mama alivyobebwa. Hukutaja kama kuna mtu aliyepita nyuma ya jiko, pale kaburini migombani, kumuaga mtoto. Sikulaumu. Mlikuwa mnaharakishwa, na mimi sikuwepo hata kubeba chungu kimoja.

Nakuomba urudi kule mahameni. Nenda asubuhi, na Filimoni. Katekista atasema marehemu haelekezwi njia. Mwache aseme, si yeye aliyemzaa. Simama pale, mwite kwa jina. Mwambie tumehama, hatukumtupa. Mwambie avuke kijito pale penye mawe, apande hadi barabarani, ahesabu nyumba utakazomtajia mpaka afike kwako, ili wasije wakampokea wengine.

Nisalimie mama yangu, mwambie nakula. Msalimie shemeji fundi wa mizinga ya nyuki, na dada yangu mkubwa aliyekusaidia kubeba. Msalimie katekista pia, ila haya usimsomee.

Na ukifika pale migombani, sema naye Kiha. Kiswahili hakuwahi kukijua.

Ni mimi,
Baba Filimoni na Ester