Nipakie Mpaka

Shoga yangu Hodan,

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza nikiwa kazini, mikono imejaa krimu, simu nimeiegemeza kwenye ndoo ya sukari. Uliposema "Aabo ametutoka", nikaiacha keki ya watu nusu, nikaenda stoo kulia. Arbab, bosi wangu, akaja kugonga: "Yalla, madam, keki ya harusi!" Nikamwambia mimi nina msiba. Akauliza amekufa nani wangu. Nikasema baba. Sidhani kama nilidanganya.

Nimejaribu kukujibu kwa sauti nimeshindwa, kila nikibonyeza kilio kinatangulia. Basi nakuandikia, na unanijua nilivyo mvivu wa kuandika kitu chochote kirefu kuliko jina la bwana harusi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mungu amlaze mzee wetu pema, yeye na rula yake ya ualimu.

Unakumbuka ulipohamia chumbani kwetu hapa Dubai? Kitanda cha juu ukapewa wewe kwa kuwa ndiye mwembamba. Kila jioni unapanda na simu, unageukia ukutani, "haa Aabo, haa Aabo", sauti tamu hata mimi huku chini naona haya. Nikasema mwenzetu kaja na bwana wake ndani ya simu. Wiki nzima namsengenya huyo Aabo, mwanamume gani anapigiwa yeye tu, hapigi! Kumbe Aabo kwenu ni baba. Siku nilipokuambia ulicheka ukagonga kichwa darini.

Na Kiswahili chako, jamani. Ulikiokota Nairobi kwa shangazi yako, Eastleigh, ukiuza vitambaa, na ulikikata kama vitambaa vyenyewe: palipokutosha unatia mkasi. Asubuhi ukitoka kwenda Al Rigga kuuza manukato, mkono kitasani, unatupungia: "Mpaka!" Mpaka nini, mwanamke? Mpaka jioni? Mpaka wa nchi gani? Ulisikia watu wakiagana "mpaka kesho", ukaona hiyo kesho inaongeza uzito bure. Tulikusahihisha tukachoka, mwisho chumba kizima tukawa tunaagana hivyo hivyo.

Nchi yako ulinifundisha kwa maji ya chai. Unachovya kidole kikombeni, unachora juu ya kimeza chetu. "Kwenye ramani za watu, Somalia ni kama namba saba. Sisi ni huu mkono wa juu, nchi yetu wenyewe, ila dunia haijaitambua. Tena si wote, ncha ile ya mashariki si yetu." Upande wenu alitawala Mwingereza, upande wa pili Mwitaliano, na kati yao mstari mfupi unaotoka baharini na kuteremka umenyooka, uliopigwa na watu wa mbali waliokubaliana wao kwa wao. Mimi na mdomo wangu nikauliza, sasa mstari wa mzungu mnaupendea nini? Ukanitazama kwa jicho lile. "Ngoja Aabo aje," ukasema, "muulize yeye." Chai ikakauka na nchi ikaondoka.

Na kweli akaja, ila alifuata daktari. Mwalimu wa jiografia, kafundisha Hargeisa mpaka mvi, na sasa macho yanamwacha. Jicho moja lilikuwa limeshakwenda, kliniki wakasema na la pili linaaga. Akaipokea habari ile kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa. Alitaka jambo moja tu kabla ya giza: aione nchi yake kwenye ramani, na mpaka wake, iliyochorwa na mtu mwingine asiye yeye.

Mkazunguka maduka ya vitabu, yeye kashika bega lako. Ramani za ukutani, ramani za kukunja, matufe yanayowaka taa, na kila moja saba nzima bila alama. "Somalia, Somalia, sawasawa tu, baba," muuzaji mmoja akamwambia, wala hakuwa na ubaya. Ulirudi umevimba. Ukanisimulia jinsi mzee alivyogusisha pua kwenye tufe akiutafuta mstari, akasema, "Macho yangu haya, siuoni." Hukuwa na moyo wa kumwambia kwamba haupo.

Ndipo ukaniagiza keki. Mzee anasafiri Jumamosi, Ijumaa tunamuaga kwa chakula, "nitengenezee nchi yangu". Na mimi mtoto wa Mombasa, mjuaji, nikaitafuta kwenye simu, nikaipata, nikaikata vizuri: saba kubwa nyeupe, bahari ya buluu imeizunguka. Nikaibeba kwenye metro, nikaibeba kwenye basi, kila breki namwomba Mungu. Ukafungua boksi.

"Hii ya nani?"

"Yenu."

Ukakaa chini na buibui lako. "Hata wewe," ukasema.

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee yuko chumba cha pili anaswali. Ukanikamata mkono: "Nipakie mpaka. Sasa hivi. Nipakie mpaka!" Na mimi, Mungu anisamehe, nikauliza kwa mazoea, nikupakie mpaka nini? Kumbe siku hiyo sentensi yako ilikuwa nzima. Nikayeyusha chokoleti kwenye sufuria ya chai, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, nikakata pembe. Wewe unaelekeza: anzia baharini, shuka, sasa nyoosha, usipinde, hapo Mwingereza hakupinda. Niliipaka nene, ikainuka, kwa sababu nilijua macho yale hayataiona. Mpaka wenyewe haukuzidi kidole changu cha kati.

Tulichosahau ni Maryan. Na tulimwalika sisi wenyewe! Maryan wa Mogadishu, fundi wa sambusa, aliyekesha na wewe ulipougua homa. Mungu naye ana mzaha wake: huku International City mitaa imepewa majina ya nchi, sisi tumepanga Uingereza, yeye kapanga Italia, ng'ambo ya barabara. Mlikuwa mkigombana mnaitana "Mwingereza we", "Mwitaliano we", kisha mnakula sahani moja. Akaingia na sinia lake, akaiona keki. Akaweka sinia chini polepole.

"Nani amekata nchi yangu?" akauliza kwa Kiarabu, na Kiarabu changu cha kazini kikaelewa kila neno. Mfuko wa chokoleti uko mkononi mwangu.

Kabla hujajibu, mzee akatoka akipapasa ukuta. Ukamkalisha, ukamshikisha kidole mahali pa kuanzia. Akaanza magharibi, pwani: Zeila. Berbera. Akaingia bara, Hargeisa, akapigapiga kidogo kama mtu anayebisha hodi kwake. Burao. Alipofika Las Anod akapunguza mwendo. "Hapa polepole," akasema, "hapa hata sisi wenyewe hatujakubaliana." Akasogea mashariki. Kidole kikajikwaa. Akarudi nyuma, akaja tena, kikajikwaa tena. Uso ule, Hodan! Akashuka na chokoleti yangu hadi mwisho, akapanda nayo, akashuka. Akasema neno kwa Kisomali. Nikakutazama unitafsirie, ukageukia ukutani. Aliyenitafsiria ni Maryan, sauti ndogo kabisa: "Anasema, upo."

Na mimi bado nina swali langu la kishamba, nikamuuliza, mstari wa mzungu anaupendea nini. Alinijibu kwa Kiingereza chake cha ualimu, taratibu, kana kwamba nimelipa ada. Mwaka wa sitini alikuwa mtoto wa shule. Mwingereza akaondoka, nchi yao ikasimama peke yake siku chache tu, kisha ikaungana na ile ya Mwitaliano. Mwalimu akamwita ubaoni: futa mpaka. Akaufuta kwa kiganja, darasa zima makofi, na akarudi nyumbani hataki kunawa ile chaki kwa furaha. Baadaye, mtu mzima na watoto wake, ndege za serikali yake mwenyewe zikaupiga mji wake. Mwaka wa tisini na moja wenzake wakatangaza kujitoa, naye akarudi kwenye darasa lisilo na paa, akauchora upya. "Niliufuta kwa mapenzi," akasema. "Nikaurudisha kwa makaburi."

Maryan alikuwa analia. Naye kwao alizika, vita havikuuliza mtu anatoka upande gani. Akasogea akakaa karibu na mzee, akaushika mkono ule, akauvusha juu ya chokoleti, akauteremsha chini, chini kabisa, pwani ya kusini. "Na mimi niko hapa, baba," akasema. Nilingoja mzee autoe mkono wake. Hakuutoa.

Sasa nani ashike kisu? Kila mtu anamtazama mwenzake. Mzee ndiye aliyeamua: "Tule bahari." Tukaila bahari yote, pembeni pembeni, kwa vijiko, midomo imegeuka buluu kama watoto wa chekechea. Nchi hakuna aliyeigusa. Ilikaa kwenye friji mpaka wenzetu wakalalamika hawana pa kuweka maziwa, na hukuniuliza niliipeleka wapi.

Siku ile mzee akiwa bado anakula bahari, akaniuliza ule mstari kwa Kiswahili unaitwaje. Nikamwambia unaitwa mpaka, na neno hilo hilo ndilo la kungojea: mpaka kesho, mpaka Mungu apende. Alicheka akakohoa, ukamletea maji. "Basi Waswahili mmetujua," akasema. "Tunao mpaka, na tunangoja mpaka."

Haukupita muda ukamfuata, maana kipofu hakai peke yake na wewe ndiye binti. Pale uwanja wa ndege wewe ulivaa ule mtandio wa zambarau nilioutaka mimi. Ukafika pale tusiporuhusiwa kuvuka sisi wasindikizaji, ukageuka, ukanipungia: "Mpaka!" Nilitaka kukutania kama siku zote. Nikapunga mkono tu.

Kitanda cha juu sasa analala binti wa Kampala, analinda jengo huko Dubai Marina. Mtoto mzuri, ananawa vikombe. Anaaga vizuri kabisa, "mpaka jioni, dada", na mimi naona sentensi ndefu mno. Nimekukumbuka, Hodan. Nimekukumbuka vibaya, na sina wa kumwambia, kwa kuwa wa kumwambia ndiye wewe.

Umesema siku zake za mwisho kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya shuka. Zeila, Berbera, Hargeisa. Polepole pale pa polepole. Kinapanda na kushuka pale palipokuwa na chokoleti. Na umesema asubuhi ile aliyofariki kilivuka, kikateremka, kikakaa, na hakikurudi tena. "Mwambie Maryan," ukasema.

Nilivua aproni, nikapanda basi, nikavuka barabara hadi Italia. Nilimkuta anakunja sambusa. Nilipomaliza kumwambia, unga umemjaa mikononi, akalia kilio cha mtu aliyefiwa kwao. "Mungu amrehemu baba yetu," akasema. Halafu akajifuta kwa kiwiko, akaninyooshea kidole: "Lakini ule mstari mimi bado siukubali. Mwambie hivyo Hodan." Haya, nimekwambia. Ijumaa tunamsomea mzee hitima nyumbani kwa Maryan, sambusa zake, keki yangu. Ameniomba niizungushie bahari.

Nilitaka kumaliza barua hii kwa maneno ya maana, ya mtu mzima. Nimekaa nayo, chai imepoa, na naona nimekuwa kama wewe, sina cha kuweka mbele ya neno lile.

Mpaka, shoga yangu. Mpaka.

Wako wa kitanda cha chini