Kamba ya Ineza

Jumatatu, 3 Machi 2025
Sasa tuko na farasi tatu hapa Nakivale, kambi ya bakimbizi ya Uganda. Patron Thaddée anazinunua kwenye mashamba ya batajiri, anaziuza tena. Mufupi wa Ethiopia, kichwa kigumu kama punda. Mwekundu wa kuchanganyika – baba yake hakuna mutu anajua. Na jike murefu wa Kenya, damu ya mashindano. Huyu nilimuita Ineza. Batoto bakamuzunguka: Pembe yake iko wapi? Nilicheka peke yangu. Na mimi siku ya kwanza nilitafuta pembe. Kwetu Minembwe, kule Congo, nilichunga ngombe tu.

Jumatano, 5 Machi
Ineza ameuzwa! Ni bwana Tumwebaze wa Mbarara, anamutaka kwa kazi yake ya arusi – bibi-arusi apande, bapige picha. Lakini patron yuko na homa, anatetemeka chini ya blanketi mbili. Anasema mimi ndiye nitamupeleka. Mimi! "Unamukabidhi, Muhirwa, unarudi. Ukifanya muzuri tutakuwa tunaenda kununua pamoja. Ukiharibu – jembe iko kwenye mulango, utarudi kulima."
Nilisema ndiyo. 

Ijumaa, 7 Machi
Nimeharibu.
Lori ya Fuso ilitushusha kwa Tumwebaze. Alizunguka Ineza mara tatu, alimupenda. Aliniuliza mambo mingi, nilijibu nikiangalia viatu. Akapigia patron simu, bakamaliza. "Kale, sawa, sasa hii ni yangu."
Basi nikafanya kama baba. Kwetu ukiuza ngombe, kamba inabaki kwako. Ukimupa mutu kamba, umemupa baraka ya zizi lako. Mwenye kununua anakuja na yake. Sikufikiri hata. Nilitoa kamba kichwani, nikaikunja.
Tumwebaze hakuwa na kamba.
Ngombe angengoja. Huyu – boda ilipiga honi moja tu, akaruka barabarani, mukia juu! Bijana ba boda bakashangaa: "Banange! Hata farasi ya mukimbizi inakimbia!" Nilikimbia mpaka mbavu kuuma.
Alikuwa ndani ya shamba ya matoke ya mama mumoja, anakula majani. Mama anapiga kelele. Nilimuita polepole, na sauti ile ya kuita ngombe. Masikio yakageuka. Akakuja. Hakuumia, asante Yesu.
Tumwebaze akafika anahema. Nilingoja matusi. Akauliza tu: "Kamba ulitoa kwa nini?" Nikaeleza, karibu nilie. Akaangalia kamba mukononi mwangu. Kisha: "Hata mzee wangu, naye wa ngombe, hangeacha kamba."
Akatuma dukani, bakaleta mupya. Lakini akivuta yeye, Ineza hasogei. Nikivuta mimi, anaenda. "Lala hapa, kijana. Arusi ni kesho kutwa. Akikataa kupandwa, mutamuchukua, na pesa yangu irudi."

Jumamosi, 8 Machi
Saa sita ya muchana. Niko naandika, nimekaa kwenye majani.
Bibi-arusi amekuja kujaribu. Anaitwa Benitha, mudogo hivi. Aliniuliza: "Kaka, ataniangusha?"
Bote bakaniangalia. Nilitaka ardhi inimeze.
Nikasema kweli: leo, pengine ndiyo. Tumwebaze akakunja uso. Nikasema tena, nguvu kidogo: "Asipande leo. Asimame naye tu. Bengine muende mbali."
Bakaenda! Mimi nimesema, bakubwa bakaenda.
Sasa banasimama bawili, musichana na farasi. Ineza ananusa nywele zake. Benitha amefunga macho, hakimbii.
Patron anapiga, simu yangu inatikisika mufukoni, mara ya tatu. Anangoja kusikia niko njiani. Nikijibu, Ineza atashituka.
Acha iite.