Madigadi Mapya, na Mtihani wa Leo

Mume wangu Wassillie, na wewe Olinka,

Supu ya samaki wa samoni iko jikoni, ipasheni polepole. Nimekwenda kwenye mtihani wa hesabu kwa baiskeli. Nikiukosa, narudia mwaka mzima.

Wassillie, asubuhi ulinicheka: "Mwanafunzi wa mvi, panda gari! Hayo madude yako yatakukwamisha tena." Iliniuma, maana juzi kosa lilikuwa langu. Niliyafunga madigadi ya zamani ya kukinga matope yakabana tairi, nikadhani ndio ufundi. Jioni matope yakaganda humo, gurudumu likagoma, nikaikokota baiskeli hadi darasani nikakuta somo limekwisha.

Haya mapya ni mapana kuliko tairi lenyewe, na nimeacha nafasi ya vidole viwili juu yake. Kila nati nimeikaza kwa sala.

~~Wassillie, njoo unichukue saa tatu usiku.~~

Usije. Nilimwahidi Mungu masomo haya nitayaendea kwa nguvu zangu. Spana ninayo, madigadi yakikwama nitayang'oa nisonge mbele, hata nifike na matope mgongoni.

Olinka, saa kumi na mbili kamili jioni, mtihani ukianza, piga magoti uniombee. Baba yako naye apige, hata kama bado anacheka.

Mama