Arobaini ya Chorba

Gorno Vrabche, 20 Desemba 1988

Mjukuu wangu Yonka,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananigombeza kila nikienda kuwatazama kuku. Wewe je, unakula? Najua huko chuoni Stara Zagora mnaishi kwa kahawa na sigara, usinidanganye.

Sasa sikiliza habari za panya wako. Uliniomba nimtunze mpaka umalize mitihani ya udaktari wa mifugo, nikakubali kwa sababu kwako wewe sijui kukataa. Hukuniambia ana mimba! Jana asubuhi nimefunua kizimba, nikakuta vitoto tisa, vyekundu, bila unywele hata mmoja. Nilipiga ukelele mpaka jirani yangu Stamena akaja mbio na shoka mkononi.

Vitoto havijambo. Mama yao ndiye mwenye shida. Ana kidonda kidogo pembeni ya chuchu ya mwisho, upande wa kushoto, na kinatoa damu. Nilikitia tone la rakia, ile pombe kali ya matunda, akanirukia. Iliyobaki nimeinywa mwenyewe kutuliza moyo. Nifanye nini? Halafu ni nani humpa mnyama jina la supu? Eti Chorba!

Bibi yako

*

Stara Zagora, 24 Desemba 1988

Bibi yangu mpenzi,

Naubusu mkono wako. Nakula, naapa. Mama amepiga simu kutoka Burgas, anakusalimu na anasema uache kupanda ngazi.

Bibi, rakia marufuku! Chemsha maji, tia chumvi kidogo, na yakiwa vuguvugu panguza kidonda kwa kitambaa safi, asubuhi na jioni. Usipake iodini wala mafuta, vitoto vitalamba. Unga wa mbao utoe, mtandikie vitambaa vya pamba ulivyopiga pasi. Kabla hujavishika vitoto, sugua mikono kwenye tandiko lake, asije akasikia harufu ngeni akavikataa. Mpe na yai la kuchemsha. Pengine kitoto kimemkwaruza kwa kucha tu.

Tafadhali mponye. Sikuwahi kukuambia nilimtoa wapi. Nilikabidhiwa nimuue kwenye somo la upasuaji, nikamficha ndani ya mkono wa koti nikatoka naye. Alitulia humo kama anajua. Nilimuahidi kwamba ataishi mpaka azeeke, na nikishindwa kumlinda huyu mmoja, sijui nitamtibu nani.

Mjukuu wako Yonka

*

Gorno Vrabche, 2 Januari 1989

Yonka wangu,

Heri ya mwaka mpya. Hujambo huko? Mimi mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia.

Nimefuata yote uliyoandika. Jioni kidonda huwa kimekauka, kina ngozi nyembamba ya waridi, nami nalala nikijisifu. Asubuhi nakikuta wazi. Hakijatafunwa, Yonka. Kiko safi, mviringo, kama mdomo mdogo. Utasema ni vitoto, maana vimeota vijino. Basi sasa magharibi navitoa kwa muda, navilaza karibu na jiko ndani ya ile kofia ya manyoya ya babu yako. Kidonda kinafunguka vilevile.

Na kuna sauti. Jua likizama tu naisikia upande wa uzio, kama ya kifaranga aliyempoteza mama yake. Kuku wangu hawajaatamia tangu kiangazi.

Nilimwita Stamena. Alimtazama Chorba, akanigeukia mimi. "Nedyalka, umezeeka na akili imekutoka? Huyu si mzazi? Yumo ndani ya arobaini, tena hizi ndizo siku chafu, toka Krismasi hadi kasisi abariki maji. Nawe unamwacha peke yake magharibi, dirisha wazi!"

"Ni panya, Stamena."

"Cheka tu. Navi hawachagui ziwa."

Nyie wa mjini hamfundishwi haya. Navi ni watoto wachanga waliokufa kabla ya kubatizwa. Wanazunguka huku na huku kama ndege wasio na manyoya, wakitafuta maziwa ambayo hawakuyapata, na mzazi wanayemnyonya hukauka mpaka afe. Basi tumefunga uzi mwekundu kwenye kizimba na kutundika kitunguu saumu. Usinicheke. Chorba amekonda mpaka mbavu zake nazisikia kidoleni.

Bibi yako

*

Stara Zagora, 6 Januari 1989

Bibi yangu,

Naubusu mkono wako. Nimefaulu mtihani wa mifupa, nimeanguka wa vimelea, nitarudia.

Nilicheka mwanzoni, nisamehe. Wenzangu wa bwenini nao walicheka. Ila nikasoma tena ile habari ya mbavu, kicheko kikaniisha. Bibi, sauti ni upepo kwenye bomba la jiko. Kidonda anakifungua mwenyewe kwa kukilamba, maziwa yakijaa yanauma. Mshonee kola ya kitambaa kigumu shingoni asiweze kukifikia. Kisha keti karibu naye magharibi, umtazame kwa macho yako, na uniandikie ulichokiona. Akiendelea hivi hatafika mwisho wa mwezi, na vitoto vitamfuata.

Leo wamebariki maji. Siku chafu zimekwisha, kwa hiyo hata Stamena hana tena la kusema.

Mjukuu wako Yonka

*

Gorno Vrabche, 12 Januari 1989

Yonka,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi nipo.

Nilimshonea kola. Nikavilaza vitoto kwenye kofia, nikawasha taa, nikaketi kwenye kigoda mbele ya kizimba nikimenya viazi. Sauti ikaanza uani. Halafu ikawa imo ndani, na mlango sikuusikia kufunguka.

Sikuona kitu, nakuapia kaburi la babu yako. Nilimwona Chorba tu. Alilala ubavu, akainua mguu wa nyuma, akafumba macho, kama afanyavyo akinyonyesha. Chuchu ikavutika. Hapakuwa na mtu, nayo inavutika, inarefuka, inalegea, inavutika tena. Ngozi ya kidonda ikaachana. Tone la damu likatokeza, likapotea kabla ya kudondoka. Niliogopa hata kiazi kikaniponyoka. Nilitaka kupiga ukelele, Yonka, nikajisikia naimba wimbo wa kubembeleza mtoto.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mama yako halijui. Kabla yake nilizaa msichana. Ilikuwa majira kama haya, kasisi alikuwa amekwama ng'ambo ya mto kwa theluji, na mimi nilikuwa nimezimia kwa homa. Nilipopata fahamu, mtoto alikuwa amekufa bila ubatizo, na baba mkwe wangu ameshamzika kando ya uzio, maana asiye na jina hawakumpokea kwenye makaburi. Sikumwona uso. Maziwa yalikuja siku ya pili. Yalinilowesha gauni, na hapakuwa na wa kuyanywa. Nilikuwa nikiyakamua kwenye majivu ya jiko huku nalia kimyakimya, mama mkwe asisikie.

Siku chafu zimekwisha, kweli, na mwanangu hakuondoka. Uzi mwekundu nimeukata. Kitunguu saumu nimekitia kwenye maharage.

Bibi yako

*

Stara Zagora, 15 Januari 1989

Bibi, Bibi yangu,

Naibusu mikono yako, yote miwili. Barua yako nimeisomea chooni kwa sababu ndiko pekee ninakoweza kulia bila kuulizwa. Pole, Bibi. Pole kwa miaka yote hiyo uliyonyamaza peke yako.

Sikucheki tena, na dawa ya hili sina. Nimemuuliza mama mmoja mfagiaji wa bweni letu, naye katoka vijijini kama sisi. Amesema navi akinyunyiziwa maji yaliyobarikiwa na kuitwa jina, anapumzika, na harudi. Maji najua unayo, Stamena hujaza chupa kila mwaka. Mpe jina, Bibi. Umwite mara moja tu, umuage.

Fanya upesi. Chorba ana vitoto vyake tisa, hawezi na wa kumi. Anakufa, na hana kosa lolote. Nakuomba kama nilivyokuwa nikikuomba nilipokuwa mdogo. Jumamosi nitakuja na basi la jioni.

Mjukuu wako Yonka

*

Gorno Vrabche, 18 Januari 1989

Yonka,

U hali gani? Mimi sijambo, na miaka mingi sijawa hivi.

Chorba amepona. Kidonda kimefunga, kimebaki kialama ambacho usipoambiwa huwezi kukiona. Amekula yai zima akaniuma kidole akitaka jingine. Vitoto vinatafuna mkate na kupigana miereka. Wote nimewapeleka kwa Stamena, utawakuta huko. Stamena analalamika, lakini amewashonea blanketi. Ahadi yako imetimia, mjukuu wangu, usiwe na wasiwasi tena.

Ulisema nimpe jina. Nilisimama magharibi katikati ya chumba, kikombe cha maji mkononi, jina limeshafika ulimini. Akaja. Alisimama mbele yangu, chini, usawa wa goti, akanyamaza kama mtoto anayesubiri kuambiwa kitu. Nikajua nikilitamka sitamsikia tena. Miaka arobaini na kitu, Yonka, halafu nimfukuze kwa kikombe cha maji? Nikayamwagia maua ya dirishani. Nikafungua vifungo vya kifuani.

Nilidhani hatapata chochote kwa kizee kama mimi. Ana subira, mwanangu. Inauma mwanzoni, kisha haiumi. Leo asubuhi gauni lilikuwa limelowa, nikadhani ni damu. Damu ilikuwemo, ila si damu tupu.

Kwa hiyo usije Jumamosi, wala usimlete mama yako, wala daktari. Mzazi hatembelewi na watu waliotoka njiani usiku, wewe hilo hujui lakini Stamena analijua, na sasa haingii hapa, anaacha mkate kizingitini na kuondoka haraka. Njoo arobaini ikiisha. Njoo mchana.

Jina lake ni zuri sana, natamani ungelisikia. Sitalitamka kamwe.

Mama