Kidawa Alivyopelekwa Kuandikishwa Skuli

Shoga, mama kanihadithia sasa hivi.

Kumbe bibi Mwanamkasi alimzaa binti mwingine, Kidawa, kabla ya mama. Mtoto haoni, hasikii. Miaka yote hii hatukuambiwa!

Mwaka 1965, elimu ishatangazwa bure hapa Unguja, bibi akamshonea gauni jipya akampeleka skuli, hapo karibu na Darajani.

Mwalimu akasema, "Bi Mwanamkasi, kipofu ningemsemesha. Kiziwi ningemwandikia ubaoni. Huyu nitamfundisha vipi?"

Bibi akamwambia, "Mpe mkono. Mimi nikimgusa shavu anajua chakula, nikimsugua mgongo anajua kuoga."

Mwalimu akaunyoosha mkono. Kidawa akaushika, akanusa chaki, akacheka. Akacheka, shoga!

Mwalimu akainama. "Wallahi sijui, bi. Sijui."

Sijui, basi! Hakumfukuza, hakumtukana. Bibi hata wa kugombana naye hakumpata.

Njia nzima ya kurudi, Kidawa anamchora bibi mistari kiganjani. Ndiyo alama aliyofundishwa wiki nzima nyumbani: skuli. Skuli? Skuli?

Na bibi alama ya kumwambia "wamekukataa" hakuwa nayo. Akakiacha kiganja wazi, mtoto achore.