Jina Nililolikata kwa Penseli

Mourzac, Machi 1965

Mdogo wangu Anselme,

Pokea salamu zangu, ingawa huzistahili. Natumaini huko Paris u mzima na kifua chako kimetulia. Mimi magoti yananiuma, mbuzi wanatoa maziwa, wajukuu wanakula kama nzige. Anayeandika ni Odile wa posta. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinisafishie maneno.

Umeondoka bila kuniaga. Matokeo ya kura yalipotoka, ulipanda basi ukampita Gaspard muuza nyama kama unaruka kinyesi cha ng'ombe. Sasa umemwandikia kwamba yeye ndiye msaliti aliyekunyima ile kura moja iliyokuangusha. Gaspard! Aliyekupa mifupa ya supu miaka ile ambayo picha zako hata kipofu hakuzitaka. Amekuwa akilia dukani, mtu mzima, shoka mkononi.

Umesahau ulikotoka. Mama alinipa mimi mbuzi, wewe akakupa daftari, nawe ukalijaza michoro ya mbuzi wangu. Sikukuonea wivu, nilizunguka kijiji kizima nikiwaonyesha watu. Ukaenda Paris, ukalala njaa, ukarudi na ndevu na sifa. Ukatuchora sisi wanawake tumepiga magoti kwenye banda la kufulia, mikono myekundu kwa maji ya Februari, na mabibi wa Paris wakasimama mbele ya picha hiyo wakifuta machozi. Mikono ile ni yangu, Anselme.

Kisha wakakufanya meya, ukavaa mshipi wa rangi tatu, ukaharibika. Ukaanza kuniita mwananchi mpendwa, mezani kwangu, supu yangu ikiwa mdomoni mwako! Ukatangaza kwamba banda la kufulia litabomolewa, wageni wanaokuja kutazama picha zako wapate pa kuegesha magari. Nilipokuuliza tutafua wapi, ukacheka, ukasema ninunue mashine, na kwamba mawe yale tunayofulia ni aibu. Aibu uliyoichora ukasifiwa! Mjane Clothilde alikwambia mashine haina masikio ya kusikiliza shida zake. Ukamjibu kwamba watu kama yeye ndio wanaotuchelewesha.

Siku ya kura ulinipa karatasi yenye majina yenu kumi na moja, wewe na wenzako wa baraza, umeikunja mwenyewe. Ukawatania watu mlangoni kwamba dada yako hajui kusoma, kwa hiyo kura yake haina wasiwasi. Wakacheka. Nami nikacheka.

Nyuma ya pazia nikaikunjua. Hapa kwetu usiyemtaka unalikata jina lake, wengine unawaacha. Hilo hata mbuzi wangu wanalijua. Na mimi kuna jina moja ninalolijua. Miaka thelathini ninafuta vumbi kwenye picha zako, na chini pembeni kuna jina lako kwa herufi kubwa, ya kwanza imesimama kama ngazi ya kuchumia cheri. Nikaitafuta ngazi hiyo. Nikazifuata herufi nyingine kwa kidole, moja moja, nisije nikamwonea mtu. Kisha nikalikata, kwa penseli uliyoisahau mfukoni mwa aproni yangu siku ulipokuwa ukinichora mikono. Wenzako kumi walipita. Wewe ukakosa kura moja.

Ni mimi, si Gaspard. Odile ameacha kuandika, mdomo wazi. Nimempiga kiwiko aendelee.

Kukata sijutii. Ningepewa karatasi nyingine leo ningekata tena, na ningekandamiza zaidi. Ninachojutia ni kukaa kimya siku kumi nikimwangalia Gaspard akilia. Leo asubuhi nimekwenda kumwambia. Amenipa soseji mbili, moja ni yako, lakini umwombe radhi kwanza.

Halafu rudi nyumbani, mpumbavu wewe. Kitanda chako nimekitandika, na shati uliloliacha nimelifulia kwenye mawe yale yale. Clothilde anakusalimu, kwa matusi. Wajukuu wanauliza babu mchoraji yuko wapi. Babu meya hawamuulizii.

Odile anataka niweke msalaba hapa chini kama wasiojua kuandika. Nimekataa. Akishaandika langu namnyang'anya kalamu, niliandike kwa mkono wangu lile jina moja ninalolijua, na safari hii silikati.

Dada yako akupendaye, Philomène

ANSELME